Mwacheni Binti Acheze: Riwaya za Kikristo na Msichana wa Baleti

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa waandishi na walezi wa vijana. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena!

Waandishi wenzangu, wazazi wangu, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie hadithi za Kikristo kwa vijana. Uwanja huo ni mpana, na mshika mawili moja humponyoka. Kwa hiyo nimeshika moja tu, hadithi inayoletwa tena na tena kwa sisi tunaosoma miswada: msichana wa miaka 14 au 15, ameokoka, anaimba kwaya, na anataka kuwa mcheza baleti, ile dansi ya jukwaani inayochezwa kwa ncha za vidole.

Mnaijua hadithi hiyo. Mwanzoni anaona baleti kwa mara ya kwanza, moyo unamwaka. Kisha mama anakataa. Kisha anateguka kifundo cha mguu. Kisha anapiga magoti. Sura ya mwisho anapewa nafasi ya kwanza jukwaani, ukumbi mzima unasimama, na mwalimu asiyeamini anafuta machozi. Amina, kitabu kimekwisha.

Niwaulize: kijana wa miaka 15 anayejua kucheza, aliyewahi kurudi nyumbani na vidole vinavyovuja damu, ataiamini hadithi hiyo? Na asipoiamini miguu ya msichana huyo wa kitabuni, ataiaminije sala yake?

Ninalokuja kusema leo ni hili. Imani ya msichana huyu imo ndani ya chumba cha mazoezi. Imo kwenye kioo, kwenye sakafu, kwenye kiatu, kwenye orodha ya majina iliyobandikwa mlangoni. Mwandishi anayeiogopa baleti na kukimbilia kanisani kila sura, ili imani ipate pa kuingilia, hataiona.

Tuanze na kiatu.

Kiatu cha kusimamia ncha za vidole hakina chuma ndani, wala hakina mbao, ingawa wengi hudhani hivyo. Ile sehemu ngumu ya mbele imejengwa kwa matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyokaushwa kwa gundi. Chini ya unyayo kuna ubapa mgumu wa ngozi au kadibodi. Kiatu kipya hakivaliki hivi hivi. Msichana anakaa sakafuni na sindano na uzi, anashona riboni zake mwenyewe, kwa sababu ni yeye anayejua mguu wake unapinda wapi. Anaukunja ule ubapa kwa mikono mpaka ulegee mahali anapopataka. Anakwaruza soli kwa kisu ili isiteleze. Anakigonga kiatu sakafuni, pa, pa, pa, ili kisimpigie kelele jukwaani. Anafunga vidole plasta kimoja kimoja. Na baada ya kazi yote hiyo, jasho na uzito wake vinaanza kuila ile gundi mpaka kiatu kinalegea kabisa. Mcheza baleti wa kulipwa anaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja.

Nani kati yetu ameandika hayo? Nani amemwacha msichana wake akashona riboni ukurasa mzima, usiku wa kuamkia onyesho, huku akiomba kwa maneno mafupi yanayokatika kila uzi unapokatika? Tunaandika «alifanya mazoezi kwa bidii», halafu tunaharakisha kwenda kwenye mahubiri. Ndugu zangu, bidii haionekani. Sindano inaonekana.

Fungueni Kutoka, sura ya 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza Bezaleli roho ya Mungu. Amemjaza ili afanye nini? Ahubiri? Atabiri? Amemjaza ili afue dhahabu na fedha na shaba, achonge vito, achonge miti. Roho wa Mungu yumo kwenye vidole vya fundi! Basi mwandishi wa Kikristo ndiye wa kwanza kupaswa kujua jinsi kiatu kinavyotengenezwa, na somo la baleti linavyokwenda: wanaanza wameshika mti uliofungwa ukutani, wanakunja magoti polepole, wananyoosha mguu, wanauinua, kisha wanaacha mti na kuja katikati, kisha mizunguko, kisha miruko. Mwanafunzi anapitia hatua hizo kila siku, na nyota aliyecheza miaka 20 anapitia hizo hizo. Mwisho wa somo wote wanainama kumshukuru mwalimu na mpiga piano. Mkristo anayejua ibada ya asubuhi ni nini hahitaji kufafanuliwa kwa nini nyota bado anaanza na kukunja magoti.

Na sanaa hii ilikulia ikulu. Mwaka 1653 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipanda jukwaani akiwa amevaa kama jua, akacheza mbele ya wakuu wake. Alikuwa na miaka 14, rika la wasomaji wetu kabisa. Mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha dansi, na ndiyo maana hadi leo majina ya hatua za baleti ni ya Kifaransa. Dansi ile ilikuwa na kazi moja: kuonyesha utukufu wa mfalme. Sasa mweke msichana wako aliyeokoka mbele ya kioo kikubwa, siku nzima akijitazama. Utukufu wa nani? Hilo ni swali la riwaya nzima, na hukulileta wewe kutoka nje. Lilikuwemo ndani ya baleti tangu zamani.

Sasa niseme juu ya sala.

Siku ya usaili, chumba kimejaa wasichana. Kila mmoja ana namba iliyobandikwa kifuani. Nywele zimebanwa nyuma hadi nyusi zinavutika. Mbele kuna meza na watu wanaoandika bila kuinua kichwa. Nafasi ni moja. Msichana wako ana namba 17, na asubuhi hiyo ameomba kwa machozi. Vizuri. Na namba 18? Naye je, kama ameomba? Kama mama yake amefunga naye? Mungu wa namba 17 ndiye Mungu wa namba 18, au siyo?

Ukimpa nafasi msichana wako kwa sababu aliomba, umemwambia namba 18 kwamba hakuomba vya kutosha. Na wasomaji wetu wengi, wapendwa, wengi sana, ni namba 18. Wameomba shule hawakuipata. Wameomba baba apone, hakupona. Wanakuja kwenye vitabu vyetu na hilo jeraha, nasi tunawapa hadithi ya mtu aliyepata.

Kuna mwanamke wa kweli ninayependa waandishi wamjue, Janet Collins, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1917. Akiwa bado kijana mdogo alikwenda kufanya usaili katika kampuni kubwa iliyokuwa ikizunguka Marekani, Ballet Russe de Monte Carlo. Alicheza vizuri. Wakamwambia watamchukua, ila akiwa jukwaani itabidi apakwe rangi nyeupe usoni. Akakataa. Hebu fikirieni msichana wa rika lile, ndoto imefunguliwa mlango, na bei ya kuingia ni uso wake. Akaondoka bila nafasi. Mwaka 1951 akawa mcheza baleti mkuu wa Metropolitan Opera, jumba kubwa la opera la New York, na miaka ya baadaye alizama katika imani na kuchora picha za dini.

Najua mtasema: si umeona, mwishowe alipata! Ndiyo, alipata. Lakini angalieni jambo lenyewe lilipotokea. Lilitokea siku ile aliposema hapana, akiwa hajui kama kutakuwa na siku nyingine. Kama ningekuwa naandika riwaya, ningekaa na binti huyo kwenye ngazi za nje ya ukumbi ule, sura nzima. Miaka hiyo mingine ningeweza hata kuiacha.

Na kampuni yenye jina hilo hilo, mwaka 1955, ilimchukua Raven Wilkinson, baada ya kumkataa mara mbili. Naye alikuwa mweusi, mwenye rangi nyepesi, na katika majimbo ya kusini ya Marekani safari zikawa za hatari kwake: hoteli zilizomkataa, watu wa Ku Klux Klan, lile kundi la wabaguzi wa rangi, waliowatafuta. Mwishowe akaacha. Akaingia nyumba ya watawa huko Wisconsin, akakaa miezi kadhaa, akatoka. Mwaka 1967 alikuwa anacheza tena, safari hii Uholanzi, katika kampuni ya taifa ya baleti. Mwaka 2015, mzee wa miaka 80, alimpelekea maua Misty Copeland, mcheza baleti mweusi wa Marekani, jukwaani New York, siku Misty alipocheza nafasi kuu ya Swan Lake, ile baleti maarufu ya mabata maji.

Ni nani kati yetu angethubutu kuandika hivyo? Msichana anakwenda kwa watawa, na kutoka kwake kusiwe kuanguka! Sisi tungemwacha kule kwa watawa, tukaandika «mwisho». Tumezoea kufikiri kwamba Mungu akiita, anaita watu watoke kwenye dansi. Hakuna mwandishi mwenye haki ya kuamua hilo kabla hajaanza kuandika.

Sasa naja kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, na naomba tusikilizane.

Ni mwili. Ni chakula.

Inajulikana wazi kwamba wasichana wa baleti wako katika hatari kubwa kuliko wenzao ya kupata ugonjwa wa kujinyima chakula. Mnaelewa kwa nini: kioo kila siku, nguo inayobana, wenzako pande zote mbili wa kujilinganisha nao, na watu wazima wanaosema maneno wasiyoyapima. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko unavyolishwa huanza kujifunga. Hedhi inakoma. Mifupa inapungua uimara, inapata nyufa zisizoonekana kwa macho. Msichana anasikia baridi wakati wenzake wanatokwa jasho.

Sasa niambieni: msichana huyu akiwa mlokole, atasema nini mezani?

Atasema: nafunga.

Atasema nafunga! Na nani atamuuliza? Mama ataona fahari. Kiongozi wa vijana atamtaja kwa mfano. Bwana Yesu alisema katika Mathayo 6 kwamba ukifunga, unawe uso, ujipake mafuta kichwani, watu wasijue. Binti ananawa uso, anajipaka mafuta, watu hawajui. Neno takatifu limekuwa pazia. Bwana aliagiza siri ili Baba pekee aone; binti huyu anafanya siri ambayo anatamani hata Baba asiione.

Hadithi hii ni yetu, ndugu zangu. Mwandishi wa dunia anaweza kuandika vizuri juu ya msichana anayejinyima chakula. Lakini ni nani mwingine atakayejua namna ugonjwa unavyoweza kusema lugha ya sala? Ni nani mwingine atakayeandika mkesha ambapo msichana anasimama kuomba na magoti yanatetemeka, na wote wanadhani ni upako? Tusipoliandika sisi, halitaandikwa. Na kuna msichana anayelihitaji kesho asubuhi kabla ya chai.

Nitaomba mambo mawili kwa yeyote atakayethubutu. La kwanza, usiandike namba. Usitaje kilo zake, usitaje alikula nini na aliacha nini, usieleze mbinu alizotumia kuficha. Wanaougua husoma kurasa hizo kama maelekezo. Andika baridi, andika hasira, andika uchovu wa kupanda ngazi, andika rafiki aliyeacha kumwalika. La pili, usimponye kwa sala moja. Mwache aombewe, ndiyo, na aombewe kwa dhati, kisha apelekwe kwa daktari, kisha mwalimu amtoe kwenye mazoezi, kisha arudi nyuma, kisha aanze tena. Mungu anaponya pia kwa miezi mirefu na kwa watu wazima wanaokaa na mtoto mezani mpaka amalize.

Na mkitaka Andiko la kusimamia, msiende mbali. Marko 5. Binti wa Yairo amekufa, nyumba imejaa vilio, Bwana anamshika mkono, anasimama, anatembea. Watu wote wameshikwa na mshangao mkubwa. Na Bwana, katikati ya mshangao huo, anaamuru apewe chakula. Hiyo ndiyo amri yake juu ya mwili wa yule binti: alishwe. Marko anatuambia alikuwa na umri wa miaka 12, takribani umri ambao wasichana wengi wa baleti hupewa ruhusa ya kuvaa viatu vya kusimamia vidole. Kama kuna mchungaji ndani ya riwaya yako, mpe mistari hiyo miwili aisome kwa sauti ya kawaida, halafu anyamaze.

Kuhusu wazazi na kanisa nitasema kwa ufupi zaidi, maana hapa makosa yetu yanafanana.

Tunawafanya wajinga. Mama anayekataa baleti tunamwandika kama ukuta, mzee wa kanisa kama Mikali binti Sauli pale dirishani, akimdharau Daudi aliyecheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote. Na tunampa binti nafasi ya Daudi, bure. Lakini Biblia hiyo hiyo ina dansi nyingine. Ina binti wa Herodia, aliyecheza kwenye karamu ya wakubwa, na kabla usiku haujaisha kichwa cha nabii kikawa kwenye sinia. Binti yule alitumwa na mama yake, akatazamwa na wanaume wa karamuni, akatumiwa. Mama wa hadithi yako anapoogopa, huenda anaogopa hilo. Nguo inabana. Mvulana anamshika kiunoni na kumwinua juu. Mwalimu ni mtu mzima ambaye neno lake ni sheria, na mlango wa chumba cha mazoezi umefungwa. Maswali haya ni ya maana! Mama anayeyauliza ana haki ya kujibiwa ndani ya kitabu, na binti anayeyajibu kwa utulivu atakua mbele ya macho ya msomaji.

Na kuna Desemba. The Nutcracker ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini St. Petersburg Desemba ya 1892, na leo ndiyo baleti ya msimu wa Krismasi kwa kampuni nyingi. Hadithi yake yote ni mkesha wa Krismasi, na hori halimo. Kwa msichana wa kwaya huo ni mgogoro uliokwisha kujipanga wenyewe: mazoezi Jumapili, igizo la kanisa usiku ule ule wa onyesho, watoto wadogo wa darasa la Biblia wanaomsubiri. Huhitaji kumvunja mguu ili upate kisa. Mpe kalenda tu.

La mwisho ni adui. Kwa nini kila riwaya ya baleti lazima iwe na msichana mwovu, mwenye pesa, anayetia vipande vya chupa kwenye kiatu cha mwenzake? Nimechoka naye. Katika Swan Lake kuna dansi ya mabata maji wadogo wanne, iliyotungwa na Lev Ivanov. Wanne wanashikana mikono kwa kupishanisha, wanacheza hatua zile zile, vichwa vinageuka pamoja, na hakuna anayeachia mkono hadi mwisho. Mmoja akiwahi, wote wanayumba. Hapo hakuna wa kuitwa nyota. Mfanye msichana wako mmoja wa hao wanne, na wa kulia kwake awe ndiye aliyepata nafasi ambayo yeye aliiomba. Wamekamatana mikono, wamesikia pumzi za wenzao, wanahesabu muziki mmoja. Paulo aliandika kwamba kiungo kimoja kikitukuzwa viungo vyote hufurahi nacho. Je, msichana wako anafurahi? Leo hawezi. Mwandike akiwa hawezi, na mkono asiuachie.

Sasa kuna mtu ataniuliza, na nimeshaulizwa pale mlangoni: sasa hadithi iishe vipi? Apate au akose?

Sijali sana kama anapata. Anaweza kupata, wapo wanaopata. Mwaka 1986 Kathy Thibodeaux, aliyekuwa ameshinda medali ya fedha katika mashindano ya kimataifa ya baleti mwaka 1982, alianzisha huko Jackson, Mississippi, kampuni ya baleti ya kumsifu Mungu, na inacheza hadi leo. Njia ipo. Ila msomaji afike ukurasa wa mwisho akijua kwamba binti huyu angebaki wa Mungu hata kama jina lake lisingekuwa kwenye orodha, na ajue hivyo kwa aliyoyaona binti akiyafanya sura baada ya sura. Msimamizi wa kanisa asiletwe kumweleza.

Na kabla ya kupeleka muswada kwa mhariri, upelekeni kwa wasichana wawili wa miaka 15. Mmoja awe anacheza baleti, hata kama haendi kanisani. Mwingine awe wa kanisani, hata kama hajawahi kuvaa kiatu kile. Wapeni kalamu. Waambieni wapige mstari pale walipoacha kuamini. Msibishane nao, msiwaelezee mlichokusudia. Rudini nyumbani mkaandike upya pale penye mstari.

Wenye miswada waliyokuja nayo leo, nitakuwepo mezani pale pembeni mpaka jioni. Njoni. Asanteni sana, na Mungu awabariki.